Kuweka Majani ya Chai katika Mji wa Kahawa

Mji wa Moshi umelelewa na kahawa, na mtu aliyekaa Majengo muda wa kutosha, hata kama hamiliki mbuni mmoja huko juu Kibosho, Uru au Marangu, huwa amekwisha kuyaona magunia yakipakiwa na kupakuliwa, amewasikia wazee wakijadili ukavu wa kahawa kabla haijapelekwa chamani, na amejifunza pasipo mwalimu kwamba kahawa iliyo bado katika ganda lake la ndani huwekwa katika gunia lenye kupitisha hewa, juu ya mbao, mbali na sakafu na mbali na ukuta. Maarifa hayo ni sahihi. Yalikuwa sahihi siku za chama cha wakulima wenyeji kilichoanzishwa mwaka 1925, yakaendelea kuwa sahihi kilipofuatiwa na KNCU mwaka 1933, na ni sahihi leo. Walakini yamezaa kasoro moja kubwa majumbani mwetu, kwa sababu watu wengi, wakishazoea kuona zao kavu likikaa salama katika gunia, huyahesabu majani ya chai kuwa ni zao kavu jingine la namna ile ile, wakayaacha katika pakiti iliyofunuka mdomo, au katika bakuli lililofunikwa kwa sahani, wakitaraji yatakaa. Na baada ya wiki chache, chai inapotoka nyeusi isiyo na ladha, lawama humwangukia mwenye kiwanda.

Tofauti ya vitu hivi viwili imo katika kadiri ya maji yaliyobaki ndani yake. Kahawa ya kuwekwa ghalani hukaushwa hadi unyevu wake uwe asilimia 11 au 12, na kipimo hicho kinakaribiana sana na kile ambacho hewa ya wastani, yenye unyevu wa asilimia 60 hivi, ingekiacha ndani ya kahawa hata kama mtu asingeigusa. Kwa hiyo kahawa na hewa ya Moshi, nje ya majira ya masika, huwa zimekwisha kupatana, na gunia la katani latosha kuwa mpaka baina yao. Chai haikupata kupatana na hewa hata siku moja. Hutoka katika kikaushio cha kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 3 au zaidi kidogo, yaani imekaushwa kupita kiasi ambacho hewa ya majira yoyote ya nchi hii ingeweza kuikausha, na tangu inapoachana na hewa ile ya moto huanza kuutafuta unyevu iliopokonywa, ikiunywa kama udongo wa kiangazi unavyoinywa mvua ya kwanza, mpaka ifike asilimia 7, 8 au zaidi, kwa kadiri hewa ilivyo. Ikipita asilimia 7 hivi, ladha yake huharibika upesi, na ikiendelea kulowana hata ikafikia kuota ukungu, haifai tena kwa matumizi ya binadamu. Kila shauri nitakalolitoa hapa chini lina asili yake katika jambo hilo moja: kahawa mbichi huwekwa ipumue, na chai huwekwa isipumue.

Yafaa msomaji ajue ukavu huo hupatikanaje, maana ndio mali anayoilipia. Chai ilipandwa kwa majaribio katika kituo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, zama za Wadachi, kisha Kyimbila huko Rungwe mwaka 1904, na kilimo chake cha biashara kikaanza mwaka 1926 chini ya Waingereza. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi; majani hayo mabichi, ambayo robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji, hunyaushwa, hukatwa na kukunjwa kwa mashine, huachwa yageuke rangi kwa kukutana na hewa, ndipo yanapoingizwa katika hewa ya moto inayopita nyuzi 90, ili mageuzi yale yasimamishwe na maji yafukuzwe. Kilo moja ya chai iliyo tayari imetokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Mashine ya kukata, kurarua na kukunja, ambayo William McKercher aliibuni huko Assam katika miaka ya 1930, na ambayo ndiyo itawalayo katika viwanda vya Afrika Mashariki, huyafanya majani kuwa punje ndogo ndogo zitoazo rangi upesi sana, jambo apendalo kila mpishi wa chai ya maziwa. Lakini kwa sababu ile ile, kwamba punje ndogo zina nyuso nyingi za kukutana na hewa kuliko jani zima la uzito ule ule, chai ya namna hii hunyonya unyevu na harufu upesi zaidi kuliko jani lililosokotwa kwa mtindo wa kale. Chai tunayoipenda kwa wepesi wake wa kuiva ndiyo hiyo hiyo iliyo nyepesi kuharibika, na mtu hawezi kuupata wepesi wa kwanza akaukwepa wa pili.

Wafanyabiashara wa chai waliyajua hayo mapema. Wachina walipokuwa wakiipakia chai merikebuni kwenda Ulaya, safari ya miezi mingi juu ya maji ya chumvi, waliitia katika masanduku ya mbao yaliyotandikwa ndani bamba jembamba la risasi, kwa kuwa waliona mbao peke yake hazizuii mvuke wa bahari. Na ingawa risasi ina sumu yake, ambayo watu wa zama hizo hawakuipa uzito unaostahili, hikima ya kuzuia hewa ilikuwa timamu. Katika karne ya 20 sanduku likawa la plaiwudi, kingo zake zimefungwa kwa mikanda ya bati, na mahali pa risasi pakakaa karatasi ya alumini. Sanduku moja lilichukua kilo 50 hivi za chai, na wakati wa kulijaza lilitikiswa ili punje zijipange na hewa itoke, likajazwa mpaka juu, karatasi ikakunjwa, ndipo kifuniko kikapigiliwa misumari. Kwa vyombo kama hivyo chai ya nchi zetu iliuzwa katika mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na hata pale mfuko wa karatasi za tabaka nyingi ulipolirithi sanduku, kwa kuwa ni mwepesi, ule utando wa alumini haukuondolewa.

Naomba msomaji alitazame sanduku hilo kwa makini, kwa maana ndani yake mna elimu yote ya kuhifadhi chai. Alumini ilizuia unyevu na harufu, mbao zilizuia nuru na kupunguza ukali wa joto, na kule kujazwa mpaka juu kuliifanya hewa iliyobaki ndani iwe kidogo kabisa. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mno nyumbani. Kopo zuri kupita yote duniani, likiwa na chai robo na hewa robo tatu, linaihifadhi hewa kuliko linavyoihifadhi chai. Na kila linapofunguliwa, hewa ile hutoka ikaingia nyingine yenye unyevu mpya.

Safari ya chai ikiishafika mjini, hatari huwa imebaki mahali pawili, dukani na jikoni. Duka la Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka hata akiwa si Mchagga, huuza chai katika pakiti ya kawaida, na huuza pia kile kipakiti kidogo cha fedha kidogo ambacho mtoto hutumwa asubuhi, akasimama mbele ya nondo za dirisha na kusema, “Shikamoo Mangi, naomba majani ya chai ya mia mbili.” Wako wanaokidharau kipakiti hicho kwa hoja kwamba ukikihesabu kwa kilo ni ghali kuliko pakiti kubwa, na hesabu yao ni ya kweli, lakini kwa upande wa hifadhi, mwenye kununua kipakiti ameepukana na taabu yote ninayoieleza hapa, madhali chai yake hufunguliwa na kumalizika siku hiyo au kesho yake, na kazi ya kuilinda imebaki kwa aliyeifunga. Mimi naona mama anayenunua hivyo, aghalabu kwa kuwa fedha yake ya siku haimruhusu zaidi, hunywa chai iliyo hai kuliko jirani yake mwenye kopo la kilo moja lililofunguliwa tangu mwezi wa Ramadhani. Na pakiti iliyofungwa si jambo la jana: John Horniman alianza kuuza chai namna hiyo huko Uingereza mwaka 1826, zama ambazo wauzaji wa rejareja walizoea kuichanganya na majani mengine.

Chai ya kupimwa kutoka katika mfuko mkubwa uliofunguliwa ni habari nyingine, kwa sababu mnunuzi hajui mfuko ulifunguliwa lini wala ulilala jirani ya kitu gani. Anayeinunua na achukue punje chache baina ya kidole gumba na cha shahada, azibane kwa nguvu: zikipasuka na kuwa unga, zingali kavu, zikibonyea na kulala bapa, zimekwisha kunywa maji, na bei yoyote ya chini aliyoambiwa ni ghali.

Sasa tuingie jikoni. Dasturi iliyoenea ni hii: pakiti hukatwa pembe kwa kisu au kwa meno, majani humiminwa katika kopo, na kopo likawekwa kando ya jiko ili mkono ulifikie kwa wepesi. Maji na maziwa yanapochemka, mpishi hulifungua kopo juu ya sufuria yenyewe, akaliinamisha, akatikisa mpaka aone majani yametosha, kisha akalifunga na kulirudisha mahali pake. Kitendo hicho, kinachokwisha upesi hata mwenyewe hakikumbuki, ndicho kiharibucho chai majumbani kuliko umri wake. Mvuke unaopanda kutoka sufuriani huingia kwa mdomo wa kopo, nao ukiishafungiwa humo hauna pa kwenda ila ndani ya majani. Asubuhi huongezeka wa asubuhi, na jioni wa jioni. Kijiko chenye tone moja la maziwa nacho hufanya kazi ile ile, na kuacha juu yake donge dogo ambalo ukungu hupendelea kuanzia. Katika masika, tangu Machi hadi Mei, ambapo nguo zenyewe hushinda kambani zisikauke, chai iliyowekwa hivyo hupoteza uzuri wake kabla pakiti haijafika nusu.

Baada ya unyevu yafuata harufu, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa nyumba za Majengo zinapenda manukato. Jani kavu la chai lina vitundu visivyoonekana kwa macho na mafuta machache ndani yake, na vyote viwili huvuta harufu ya jirani na kuishika. Wachina waliigeuza tabia hiyo kuwa ufundi: huchukua maua ya asmini yanayofunuka usiku, wakayalaza pamoja na chai mpaka asubuhi, wakayatoa na kutia mengine mabichi, na baada ya kurudia hivyo chai huwa na harufu ya asmini ingawa ua halimo. Tabia ile ile, isipoangaliwa, huleta katika kikombe harufu ya sabuni ya kufulia, ya mafuta ya taa, ya dagaa na ya kitunguu saumu. Iliki, mdalasini na karafuu ni wageni wa heshima katika chai yetu, lakini wanapolala nayo katika kopo moja humeza harufu yake yenyewe, nao wenyewe hupungukiwa nguvu. Na zaidi ya hayo iliki isiyokauka sawasawa huingiza unyevu katika kopo. Rai yangu ni kwamba viungo viwe na kopo lao, vitwangwe wakati wa kupika, na chai iachwe na harufu iliyoumbiwa. Atakaye chai yenye iliki tayari na aichanganye katika kopo dogo la siku chache, kwa makusudi, wala si kwa kukosa nafasi kabatini.

Nini hasa hupotea chai inapoharibika? Ule mng'ao wa rangi nyekundu inayokaribia dhahabu, na ule ukali mwema unaousikia pembeni mwa ulimi, hutokana kwa sehemu kubwa na vitu viitwavyo theaflavini, vilivyozaliwa majani yalipokuwa yakigeuka rangi kiwandani. Wenzao, thearubijini, huleta weusi na uzito. Chai inapokaa katika unyevu na joto, theaflavini hupungua, harufu nyepesi huruka, na mafuta machache ya jani huungana na hewa na kutoa ladha ya uchakavu. Nuru ya jua huharakisha hayo. Ndiyo maana chai iliyochakaa inaweza kuwa nyeusi sana machoni na bado ikawa tupu mdomoni, na mpishi, akidhani ni nyepesi, huongeza kijiko cha pili, akapata weusi zaidi na uchungu, asipate kile kilichopotea. Sukari nyingi tunayoitia katika chai yetu, naamini, mara nyingine ni jaribio la kufunika upungufu huo.

Nyumba moja ya Majengo niijuayo, ambayo wageni wake huisifu chai yake pasipo kuombwa, imelipanga jambo hili kwa namna ambayo mwenye kiwanda mwenyewe asingeikosoa. Bibi mwenye nyumba ana makopo mawili. La kwanza ni kopo la maziwa ya unga, la bati, lenye mfuniko wa kubana ambao haufunguki ila kwa kuukwanyua kwa mpini wa kijiko. Aliliosha, akaliweka juani likiwa wazi mpaka harufu ya maziwa ikaisha kabisa, na juu ya chai hutandika kipande cha ile karatasi ya alumini iliyotoka katika pakiti kabla ya kuubana mfuniko. Kopo hilo hukaa chumbani, katika kabati la mbao, rafu ya chini, kwa kuwa rafu ya juu imekaribia mabati ya paa, na mabati hayo miezi ya Januari na Februari huteketeza. La pili ni mkebe mdogo wa bati wenye kutosha chai ya wiki moja, nao ndio uingiao jikoni, mbali na jiko, pamoja na kijiko chake kisichotiwa katika kitu kingine. Huujaza mkebe huo alasiri, jiko likiwa limezimwa na hewa imekauka, na wakati wa kupika hupima majani katika kijiko kwanza, akaufunga mkebe, ndipo akakisogelea chombo cha maji. Chai ya kopo kubwa inapofika nusu, huihamishia katika kopo dogo zaidi ili hewa isipate nafasi. Hakuna katika hayo gharama hata ya senti moja, kwa kuwa makopo yangetupwa.

Hoja yake iliyo bora ni kule kuigawa chai. Kopo la akiba hufunguliwa mara moja kwa wiki, na mkebe hubeba madhara yote ya kila siku. Basi hata mkono wa mtoto ukikosea ukautia maji mkebe, iliyoharibika ni chai ya siku chache. Anayetumia kopo moja kwa kila kazi huiweka akiba yake yote mbele ya mvuke asubuhi na jioni.

Vyombo vingine nitavipitia kwa ufupi. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha huzuia unyevu vizuri, lakini mahali pake ni ndani ya kabati, kamwe si dirishani. Mfuko mwembamba wa nailoni hupitisha harufu, na hata mvuke kwa kiasi, hivyo haufai ila ndani ya kopo. Ama jokofu, ambalo wengine hudhani ni kinga ya kila kitu, lina samaki na vitunguu ndani yake, na chombo baridi kikitolewa na kufunguliwa katika hewa ya joto hulowana mara moja kwa umande. Kwa chai nyeusi ya matumizi ya kila siku madhara yake yamezidi manufaa.

Chai iliyolowa kidogo bila kuota ukungu yaweza kukaushwa juu ya kikaango kikavu, kwa moto mdogo sana, ikigeuzwa kwa dakika chache na kuachwa ipoe kabla ya kurudishwa koponi. Itakauka, lakini harufu iliyokwisha kuruka haitarudi. Iliyoota ukungu, au inayonuka uvundo, itupwe yote, pamoja na ile inayoonekana nzima chini yake. Pakiti ambayo haijafunguliwa, ikikaa mahali pakavu penye ubaridi, hustahimili mwaka mmoja na zaidi. Ikiishafunguliwa na kuwekwa kwa namna ya bibi yule, miezi mitatu au minne hupita bila hasara ya kusikika mdomoni, na katika masika ni busara kununua nusu ya kiasi cha kawaida.

Nawaomba basi wenye maduka wa Majengo, Pasua, Kiboriloni na mitaa mingineyo, waitengee chai rafu yake mbali na sabuni na mafuta ya taa, na waiuze kwanza ile iliyotangulia kufika. Na kina mama na kina baba wanaonunua, wasome tarehe iliyopigwa chapa kwenye pakiti kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa kopo, hata likiwa zuri namna gani, haliwezi kuirudishia chai kile kilichokwisha kupotea dukani.